Sistimu haioneshi, na daftari halipo

Najua nimepotea hapa tangu wiki ya tatu ya muhula. Msuli ulikuwa mwingi, bando nalo likawa la kuungaunga. Leo sikuja kuwasimulia maisha ya geto hapa Buhare wala upepo wa ziwani. Leo nina hasira.

Iko hivi. Dada mmoja tunayesoma naye ualimu, mwaka wa pili, alijisajili somo moja kwenye sistimu ya chuo (jina la chuo nalihifadhi) usiku wa kuamkia mwisho wa usajili. Usiku ule umeme ulikatika mara mbili. Yeye aliona maandishi ya kijani kwamba amefanikiwa, akazima simu akalala. Wiki ya 13 majina ya mtihani yanabandikwa, lake halipo. Tukaenda ofisini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Sistimu haioneshi.”

“Tunaomba utuangalizie logi ya usiku ule.”

Mzee wa watu akavua miwani. Akatueleza kwa upole kwamba seva zipo tano. Mbili zinatuma logi zake kwenye mashine moja ya pamoja. Ile ya usajili haitumi, maana aliifunga kijana mwingine ambaye ameshahama, na aliifunga kwa mkono, kwa namna yake. Zilizokuwa ndani ya seva yenyewe zimeshajifuta.

Kwa hiyo dada wa watu aandike barua ya kujieleza. Yeye athibitishe! Asiposikilizwa, somo analibeba hadi mwakani, na mkopo hautamsubiri.

Kwa wasiojua, logi ni kama kile kitabu cha zamu tunachokutana nacho tukienda BTP. Nani kaingia, saa ngapi, kafanya nini, nini kimeharibika. Sasa piga picha shule yenye walimu wa zamu watano, kila mmoja ana daftari lake kwenye droo yake, mmoja anaandika kwa wino, mwingine kwa penseli, wa tatu haandiki kabisa. Mkaguzi akija utamwonesha nini?

Tena hizo logi hazikai milele. Kwenye Ubuntu, ukiacha mipangilio kama ilivyokuja, logi za kawaida za mfumo huzungushwa kila wiki na kubakizwa mafaili manne ya zamani. Hiyo ni kama mwezi tu. Za Apache na Nginx huzungushwa kila siku, yanabaki 14. Jamani, tunajisajili mwanzoni mwa muhula, mtihani uko mwishoni. Ushahidi wako unakufa kabla hujajua kwamba utauhitaji! Hapo hakuna aliyekuroga. Ni seva ambayo hakuna aliyeigusa baada ya kuifunga.

Najua majibu ya wakubwa. La kwanza, hela hakuna. Hela ya nini? Rsyslog, iliyoanzishwa na Rainer Gerhards mwaka 2004, ni ya bure. Ansible, aliyoianzisha Michael DeHaan mwaka 2012, ya bure pia, na kule kwenye seva haihitaji kufungwa chochote cha ziada, inatosha SSH na Python. Mafunzo nayo yapo. Wale wa NSRC wameweka wazi masomo yao ya usimamizi wa mitandao, rsyslog ikiwemo, na AfNOG walishaleta warsha yao hadi Dar es Salaam mwaka 2011.

La pili, watu hawatoshi. Ndiyo maana nasema iandikwe mara moja, mashine ifanye! Mimi mwalimu mtarajiwa nimejaribu hapa geto, seva tatu za kuigiza ndani ya laptop moja yenye betri bovu. Faili moja la maagizo: funga rsyslog, weka mpangilio uleule kila seva, linganisha saa zote, tuma logi mashine ya pamoja, kisha tuma ujumbe wa majaribio uone kama umefika. Nikiliendesha mara ya pili, halibadilishi kitu kama kila kitu kiko sawa. Kijana akihama, faili linabaki.

La tatu, umeme. Hili nalikubali nusu. Ukituma logi kwa ile njia ya zamani ya UDP, poti 514, ujumbe ukipotea hakuna anayejua. Lakini rsyslog ina foleni ya kuhifadhi kwenye diski. Mashine ya pamoja ikizimika, seva inasubiri na kujaribu tena. Lazima tu mtu aiwashe hiyo foleni, na kwa mkono ndipo inaposahaulika.

Nisiwafiche, ina hatari yake. Ukikosea kwenye faili hilo, unakosea seva zote tano kwa dakika moja. Basi anza na seva moja, angalia, ndipo uendelee. Na logi zina taarifa zetu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, hivyo iandikwe nani anaruhusiwa kuzisoma na zitafutwa lini. Mimi naomba walau mwaka mzima wa masomo.

Mwaka 2015 nchi hii ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na mahakama ikipima ushahidi wa kompyuta inatazama ulivyotunzwa. Mahakama inauliza daftari lilitunzwaje. Sisi tunaambiwa “sistimu haioneshi” tunanyamaza na kuandika barua.

Simlaumu yule mzee, maana ndiye pekee aliyetuambia ukweli. Namlaumu anayepitisha bajeti ya seva mpya bila kuuliza zinaandika wapi. Na mpaka hapo, asiye na daftari asimwambie mwanafunzi alete ushahidi.

Barua tumeipeleka jana, majibu bado. Nyie wenzangu, ukijisajili piga picha ile skrini ya kijani na saa ionekane. Usilale kwanza.

Naomba kuwasilisha.