Panga Mbili Chini ya Muuza Samaki

Katika makabati ya wapenda vitu vya kale huko Ulaya huonekana visanamu vya kauri vyenye sura za wachuuzi na mafundi wa zamani: muuza samaki, muuza ndimu, muuza ramani, mpishi. Vilivyo mashuhuri sana vilitoka Meissen, katika Ujerumani, ambako kiwanda cha kauri kilianzishwa mwaka 1710. Vingi viliumbwa na Johann Joachim Kändler, aliyeingia kiwandani humo mwaka 1731, akisaidiana na Peter Reinicke. Wachuuzi wa Paris, waliokuwa wakinadi bidhaa njiani kwa sauti, waliigwa kutoka michoro ya Mfaransa Edme Bouchardon, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1737. Visanamu vya namna hii vilipamba meza za wakubwa wakati wa kula vitamutamu, mahali ambapo hapo kwanza zilisimamishwa sanamu za sukari. Basi mchuuzi asiyekaribishwa mlangoni aliwekwa katikati ya meza!

Mnunuzi hukigeuza kisanamu atazame chini, kwani alama ya Meissen ni panga mbili zilizopishana, za rangi ya buluu. Lakini askari ajua kwamba sare peke yake haimtambulishi mtu. Alama hiyo iliigwa mno, hasa katika karne ya 19. Tena kiwanda chenyewe kilihifadhi kalibu zake na kuendelea kuzitumia. Hivyo panga zaweza kuwa za kweli, na kisanamu kisiwe cha kale. Mikwaruzo iliyokatwa juu ya panga huonyesha kwamba kiwanda kilikiona kina kasoro.

Afadhali mtu aitazame kazi kabla hajatoa mshahara wake. Kichwa, mikono na kapu vilikandamizwa katika kalibu mbalimbali, kisha fundi akaviunganisha kwa uji wa udongo na kuvinyoosha kwa mkono kabla ya kuvitia tanurini. Ustadi wake huonekana kwenye vidole, mikunjo ya nguo, na magamba ya samaki. Vidole ndivyo pia huvunjika kwanza; vikiungwa na kupakwa rangi upya, bei hushuka sana, ingawa muuzaji huenda asiseme. Vitazamwe juani, kwa utulivu.

Kilichoungwa kisilowekwe majini, maana gundi ya zamani huachia. Brashi laini yatosha kuondoa vumbi, na kishikwe kiunoni, kamwe si mkononi.