Kikohozi cha Mwanafunzi

Wazazi wengi wa makanisa yetu wana vijana katika vyuo vikuu vya Kisangani, Bukavu, Goma na Lubumbashi. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mwenye elimu anaweza kusahau jambo moja: kikohozi chake mwenyewe.

Vijana wengine husema: «Kifaduro ni ugonjwa wa watoto. Mimi nilichanjwa zamani.» Neno hili ni nusu ya kweli, na nusu inayobaki ina hatari.

Sikilizeni sababu. Kifaduro huletwa na mdudu asiyeonekana kwa macho. Jules Bordet na Octave Gengou walimtambulisha katika Ubelgiji mwaka 1906. Mdudu huyu hutoka pamoja na mate ya mtu anayekohoa. Chanjo ni njema, lakini nguvu yake hupungua miaka inapopita. Hata aliyeugua zamani anaweza kuugua tena. Mara nyingi mtu mzima hasikii ule mlio wa kuvuta pumzi. Anakohoa tu majuma mengi, na masomo yanaendelea.

Kisha likizo inafika. Kijana anarudi nyumbani, na kwa furaha anapewa mtoto wa dada yake, mwenye majuma matatu. Mtoto huyu hajapata sindano hata moja, maana kwetu hutolewa akiwa na majuma 6, na 10, na 14. Mtoto mchanga pengine hakohoi sana. Pumzi inasimama, midomo inageuka rangi. Anaweza kufa, na hakuna aliyemwazia yule mwanafunzi.

Je, elimu peke yake inatosha? Hapana. Katika Uingereza, miaka ya 1970, watu walisikia kwamba chanjo hii inaharibu ubongo. Mbele ya woga ule, watoto kama 8 katika 10 walichanjwa. Baadaye wakabaki kama 3. Tangu 1977 mpaka 1979 kifaduro kilishika watu zaidi ya 100,000. Watu wale walijua kusoma. Walisoma maneno ya kutisha, wakayaamini.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi, kama umekohoa majuma mawili, usimbebe mtoto mchanga, wala usilale naye chumba kimoja. Nenda kwa munganga. Kuna dawa ya kumwua mdudu huyu. Ukiisha kuitumia siku 5, huambukizi tena. Bila dawa unaweza kuambukiza wengine majuma 3. Tena, ukiwa nyumbani, omba karatasi za chanjo za watoto wote, uzisome. Sindano ikikosekana, mpeleke mtoto wewe mwenyewe siku ya kupima watoto. Ukisikia uvumi juu ya chanjo, uulize wauguzi mbele ya kuupeleka kwa wengine.

Na ninyi wazazi, msiogope elimu ya mtoto wenu. Mama mwingine anaona haya kumwambia kijana wa chuo kikuu: «Kikohozi hiki kilianza lini? Usimshike mtoto kwanza.» Mama, sema! Hiyo si dharau. Kumlinda mdogo asiyeweza kujilinda ni kazi ya kila Mkristo, mwenye kitabu na asiye nacho.

Mwanafunzi amejifunza hesabu kubwa. Na ahesabu pia sindano tatu za mtoto wa nyumbani kwao.