Kambi ya Jangwani na Majumba ya Thamud



Mama mmoja ametuandikia juu ya safari ya familia yake. Baada ya umra, wakala wao amewaongezea siku tatu za Al-Ula, kaskazini ya Madina: kulala katika mahema jangwani, kutembezwa penye majabali, kisha kuingizwa Hijr, panapojulikana pia kwa jina la Madain Salih. Watoto wamefurahi. Baba yao amekataa, akisema pahala palipoteremka adhabu si pa matembezi. Nusu ya nauli imekwisha kulipwa, na nyumba imegawanyika.

Hoja ya baba si ndogo. Imepokewa kwa Ibn Umar, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipopita Hijr, wakati wa safari ya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, aliwakataza masahaba kuingia makazi ya waliodhulumu nafsi zao ila wawe wenye kulia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wale. Kisha akajifunika kichwa, akaharakisha mwendo hata akalivuka bonde. Maji waliyokwisha kuteka aliamuru yamwagwe, na unga waliokanda kwa maji hayo wapewe ngamia; wao wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Saleh. Ndiyo maana vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi huyataja maji ya Hijr miongoni mwa maji yaliyo makruhu. (Maji ya chupa yatokayo kwengine hayamo katika hukumu hii.)

Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa mwaka wa 1331, alipita Hijr mwaka wa 1326 pamoja na msafara wa mahujaji wa Sham. Ameeleza kuwa visima vilijaa maji na watu walikuwa na kiu kali, wala hakuna aliyeteka. Nami nimeifikiri mara nyingi kiu ile.

Hata hivyo hadithi ina neno “ila”, na hapo ndipo nitofautianapo na baba. Mtume hakulizunguka bonde. Alipita ndani yake. Na Qur'ani imetuamuru mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa wakadhibishaji. Kilichokatazwa ni moyo ulioghafilika.

Watoto waambiwe ukweli wa watakachokiona. Milango mirefu iliyochongwa majabalini, ile ya kwenye picha, ni makaburi ya Wanabati, watu wa Petra, na mengi ni ya karne ya kwanza baada ya Nabii Isa. Yako makaburi makubwa 111, na 94 yana nakshi; juu ya baadhi yake mwenyewe ameandika jina lake na mwaka, na laana kwa atakayeliuza. Hilo halipingani na Kitabu. Thamud walitangulia zamani, na jina lao limo katika maandishi ya Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuru, karne ya nane kabla ya Nabii Isa. Wanabati walikuja baadaye katika bonde lenye jina kubwa, wakachonga nao. Likumbukwe lile liitwalo Qasr al-Farid, jabali lililosimama peke yake: juu limenyooka kama limepigwa randa, chini limebaki magongomagongo, maana mafundi walianza kileleni wakishuka, na kazi haikwisha.

Waongozaji wa huko huitwa rawi, jina tulitumialo kwa wapokezi wa hadithi. Basi apimwe kama rawi. Akionyesha jiwe na kusema ngamia alitoka hapa, aulizwe amelipata wapi. Qur'ani haikulitaja jiwe. Wala hakuna jabali la kuguswa kwa kutafuta baraka. Na Jabal al-Fil, lenye umbo la tembo mwenye mkonga, limechongwa na upepo na maji. Halina uhusiano na jeshi la Abraha, ijapokuwa wapo wasimuliao hivyo.

Kambini, watoto wetu waliozoea kuswali wakielekea kaskazini watageuka kusini, kwa kupinda kidogo mashariki. Swala za rakaa nne zitafupishwa. Atakayehitaji kutayamamu atafute mchanga wenye vumbi. Mwamba mtupu hautoshi kwa madhehebu yetu.

Rai yangu: waende, lakini kabla ya kumalizia nauli wamtake wakala azitenge siku. Mahema, moto wa usiku na Jabal al-Fil viwe siku moja, na watoto wacheze. Hijr iwe asubuhi yake mbali, bila muziki garini, bila kupigana picha za kuchekelea milangoni, na kisa cha Nabii Saleh kisomwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Na baba, ikiwa moyo wake bado haujakubali, abaki kambini asubuhi hiyo. Asilaumiwe, wala asiwalaumu waliokwenda.