Amani Anayoitaka Mama

Mama yangu anauza khanga na vitambaa vya mita Kariakoo, mtaa wa Kongo, tangu sijazaliwa. Ukimkuta asubuhi ana futi ya kupimia shingoni na daftari la madeni kwapani. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ile meza. Siku hizi mwanangu wa miaka mitatu analala mchana chini ya ile ile meza, juu ya majora, wakati mimi niko kwenye kipindi. Ndiyo, mimi ni mwanafunzi na ni mama. Nataka kuandika kuhusu uchaguzi nikiwa vyote viwili.

Mama ana msemo wake kila nikianza habari za siasa: "Wewe soma, mwanangu. Sisi tunachotaka ni amani." Kwa muda mrefu nilimwona mwoga. Nilibadilika usiku wa Oktoba 29, 2025. Tulikuwa nyumbani Ilala, mtandao umezimwa, imeshatangazwa hakuna kutoka nje kuanzia saa 12 jioni. Usiku ule mtoto akashikwa na homa. Hospitali ipo, nauli ipo, ila kutoka huwezi. Jirani yetu mmoja ni muuguzi, akapita uani na dawa ya maji, tukamkanda mtoto hadi alfajiri. Nilikaa nimempakata, nasikiliza milio ya huko nje, nikamwelewa mama. Anayesema "amani" kwa sauti ile si mwoga. Ni mtu anayejua fujo zikianza, mwenye mtoto mgongoni ndiye wa mwisho kukimbia.

Lakini asubuhi yake nikawaza jambo jingine. Homa ya mwanangu ilishuka. Wapo mama zetu ambao usiku ule watoto wao hawakurudi. Idadi bado inabishaniwa, na Rais aliunda tume ya uchunguzi mwezi Novemba chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hata hivyo mama aliyezika hahitaji idadi ili ajue amepoteza nini. Tulikuwa tumekaa kimya miaka mingapi kwa jina la amani, na ile amani ikatulinda na nini?

Hapo ndipo nilipomrudia Wangari Maathai. Wengi wetu tunamjua kama yule mama wa Kenya wa miti, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Tunasahau kwamba alikuwa mwanasiasa, na tena alianza kwa kushindwa vibaya. Mwaka 1982 aliacha kazi ya ualimu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge kwao Nyeri. Akaenguliwa kwa hoja ya uandikishaji wa wapigakura, hata kura moja haijapigwa. Alipotaka kurudi kazini akaambiwa nafasi yake haipo tena. Mama wa watoto watatu, ndoa imeshavunjika, akabaki bila kazi na bila nyumba ya chuo.

Ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1992. Februari ile, akina mama wenye vijana waliofungwa kwa sababu za kisiasa walikwenda bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakakaa chini wakagoma kula. Wengi walikuwa wazee wa vijijini. Wangari akakaa nao. Siku chache baadaye polisi wakaja na virungu na mabomu ya machozi. Yeye alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale wamama wakavua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila zao ni laana nzito. Halafu wakahamia kanisa la All Saints na kukaa humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu vijana wao wote walikuwa wameachiwa.

Wale hawakuwa wanaharakati wa kusomea. Ni mama zetu kabisa, wale wale wa "sisi tunachotaka ni amani". Tofauti ni kwamba waliona amani ambayo mtoto wako yuko ndani bila haki si yako. Ni ya aliyemfunga. Wala hawakurusha jiwe.

Wangari alipenda mfano wa kigoda cha miguu mitatu: demokrasia, amani na utunzaji wa mazingira. Ukikata mguu mmoja, anayekalia anaanguka. Aliingia bungeni mwaka 2002 kwa jimbo la Tetu, akawa Naibu Waziri wa Mazingira, na akaanzisha chama cha kijani, Mazingira Green Party. Mwaka 2007 alishindwa kura za maoni za muungano wa rais, akagombea kwa chama kidogo, akashindwa tena. Uchaguzi ule ndio ulioiwasha Kenya na kuua watu zaidi ya 1,000. Wangari aliomba kura za urais zihesabiwe upya ili kila upande uridhike kwamba matokeo ni ya haki.

Sasa turudi mtaa wa Kongo. Mteja akifika nyumbani akakuta kitambaa cha mita nne kimepungua, anarudi kafura. Nimeona maduka yanayomfukuza: "Ukishatoka dukani hatukujui." Hapo ndipo ngumi huanzia. Mama yangu hafanyi hivyo. Anakipokea kitambaa, anakitandaza mezani, anapima upya mbele ya mteja na mbele ya majirani. Kikiwa kimepungua anaongeza. Kikiwa sawa, mteja anaona mwenyewe na anaondoka kimya. Miaka yote ile sijawahi kuona ugomvi kwenye meza yake. Amani yake inatoka kwenye futi, na kwenye ukubali wake wa kupima mara ya pili.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Yaani ukishatoka dukani hatukujui. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa kwetu Arusha, ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshasema, kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumlazimisha mgombea awe na chama ni kukiuka haki. Mpaka leo huwezi kugombea ubunge bila chama kukudhamini.

Kenya baada ya moto wa 2007 waliandika katiba mpya ya 2010, na Septemba 1, 2017 Mahakama yao ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Sisemi Kenya ni peponi. Mwaka ule ule watu walikufa kwenye maandamano. Ila aliyeona kaibiwa alikuwa na mlango wa kugonga, na aliyeshinda alijua kuna atakayempima upya. Sisi mlango huo hatuna, kisha tunashangaa vijana wanaingia barabarani.

Kuna na hili la akina mama wenyewe. Bunge la 2020 lilikuwa na wabunge wanawake wa viti maalum 113. Si haba. Lakini viti hivyo vinagawiwa kwa vyama kulingana na kura za chama, na chama ndicho kinachopeleka majina. Mama yangu hajawahi kumpigia kura mbunge wa viti maalum hata mmoja, na hakuna hata mmoja anayelazimika kurudi mtaa wa Kongo kumwomba tena. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamke na mwanaume. Mwanamke angeshika jimbo, na angewajibika kwa waliomchagua. Lile pendekezo lilipotea mwaka 2014 pamoja na mengine mengi.

Najua jibu la wengi, na la mama pia: "Haya mambo ya katiba ndiyo yanaleta fujo." Nikamkumbusha Mei 2023, Kariakoo ilipofungwa kwa mgomo wa wafanyabiashara. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja mwenyewe Mnazi Mmoja, wafanyabiashara wakashika kipaza sauti wakasema ya moyoni kuhusu kodi, tena kwa ukali. Mama alikuwepo. Maduka yakafunguliwa. Fujo iko wapi hapo? Na pembeni mwa Mnazi Mmoja inapita barabara yenye jina la Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mji huu huu, aliyewatoa akina mama kwenye vikundi vya ngoma akawaingiza TANU miaka ya 1950. Wangesema "sisi tunachotaka ni amani" wakabaki majumbani, sijui bendera ya nani ingekuwa inapepea leo.

Nisiwaseme wakubwa tu. Sisi hapa chuoni, uchaguzi wetu wa serikali ya wanafunzi mara ngapi umeisha kwa kelele kwa sababu kura zilihesabiwa chumbani, na aliyekata rufaa akajibiwa na watu wale wale waliomwangusha? Mwanafunzi mwenye mtoto anaondoka hosteli kimya kimya, hana mwakilishi wala pa kusemea. Tuanze kwetu: kura zihesabiwe ukumbini mbele ya wote, kamati ya rufaa isiwe na mtu hata mmoja wa tume ya uchaguzi, na wanafunzi wazazi wamchague mwakilishi wao wenyewe. Haya hayahitaji kibali cha mtu yeyote nje ya geti. Tukishindwa hili, hatuna uso wa kuidai futi Dodoma.

Juzi nilimsomea mama makala haya pale mezani. Alisikiliza huku anakunja doti za khanga. Nilipomaliza hakusema nimepatia wala nimekosea. Alifungua kopo lake la biskuti, lile analotunzia karatasi muhimu, ndani mkiwa na kadi ya kliniki ya mwanangu na kadi yake ya mpigakura, moja juu ya nyingine.

"Hii naitunza tangu mwanzo," akasema akiigusa ya pili. "Mnadhani naitunzia nini?"