Si Kila Mnene ni Mlafi

Hapa pwani kwetu mtu akinenepa hasalimiki na ndimi za watu. Mmoja atamsifu kwamba raha zimemkubali, na mwingine atamcheka kwamba hajui kujizuia mbele ya sinia. Huenda wote wawili wamekosea. Mimi ni mmoja wa wenye tezi iliyozembea, ile tezi ya shingoni iitwayo thairoidi, nami naona inafaa tulizungumze jambo hili bila ya kuoneana haya.

Tezi hii ndiyo inayoupa mwili mwendo wake. Ikizembea, mtu huchoka bila ya kazi, huhisi baridi hata wakati wa kaskazi, hufunga choo, hukauka ngozi, na uzito humwongezeka hali chakula ni kile kile. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na aghalabu huambiwa kwamba ni wavivu.

Lakini haki na isemwe pande zote. Uzito unaoletwa na tezi yenyewe kwa kawaida si mwingi, ni kama kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Kidonge cha levothairoksini huurudishia mwili mwendo wake, hakiyeyushi mahamri. Na wanaokimeza kupita kipimo ili wakonde kabla ya harusi wanacheza na roho zao, kwani dawa ikizidi huupeleka moyo mbio na kudhoofisha mifupa.

Kidonge hiki hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa 1 kabla ya chakula. Kahawa ya alfajiri nayo ingoje. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vikae mbali nacho kwa saa 4.

Linalonisikitisha zaidi ni wale wanaoacha dawa mwezi wa Ramadhani, wakidhani kwamba haipatani na saumu. Dawa hii humezwa mara 1 tu kwa siku. Kwa ushauri wa daktari, mfungaji anaweza kuimeza usiku anapolala, saa 3 au zaidi baada ya kula, au nusu saa kabla ya daku.

Na futari je? Mwezi wa kujizuia tumeugeuza kuwa wa bhajia, sambusa, tambi na kaimati za shira. Mwenye tezi akivila vyote hivyo, aliyochuma mchana kutwa huyapoteza magharibi moja. Tende, maji, samaki na mboga vyatosha, kisha aende tarawehe kwa miguu.

Ndugu wasomaji, mwenye dalili hizi na akapimwe damu, na akibadilishiwa kipimo cha dawa arudi baada ya wiki 6 hadi 8. Nasi jamaa zake tumwekee sahani inayomfaa badala ya kumcheka. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Lakini mara nyingi ni kicheko chetu kilichomfanya ayafiche.