Jiko la Nyumbani Nalo Lipangiwe Bajeti: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Kuzuia upotevu wa chakula majumbani

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Korosho ya Kibiti ikivunwa inapokelewa ghalani, inapewa stakabadhi na kupigwa mnada. Ina viongozi wa ushirika na maofisa wanaoifuatilia mpaka ilipwe. Chakula anachokula mkulima huyo huyo pamoja na watoto wake hakina mtu wa kukifuatilia. Kikioza, lawama inamwangukia mama wa nyumba: hajui kubana matumizi. Nakuandikia kusema kwamba lawama hiyo haimstahili, na kwamba Halmashauri yako ina uwezo wa kumsaidia.

Mwanamke anayenunua unga na mafuta ya kupima hatupi chakula kwa uzembe. Kiporo chake ni chai ya asubuhi ya watoto. Ukoko unaliwa, machicha ya nazi yanakwenda kwa kuku, muhogo uliozidi unakaushwa kuwa makopa, na samaki aliyebaki anapasuliwa, anatiwa chumvi na kuanikwa awe ng'onda. Maarifa ya kubana matumizi wilayani kwetu yapo tangu enzi za mababu. Shida ni kwamba chakula chetu huja kwa mkupuo, na nyumba maskini haina mahali pa kukishikilia hata siku mbili.

Chukua samaki. Wakazi wa Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni wanaishi kati ya mito na mikoko ya delta ya Rufiji, na mara nyingi chombo hakitoki mpaka maji yajae. Siku samaki wanapopatikana kwa wingi bei inashuka, na hapo ndipo mwenye kipato kidogo anapomudu kununua fungu kubwa. Lakini barafu inayoingia deltani hufuata kamba wa kuuzwa. Kitoweo cha nyumbani hakipati. Mvua ikinyesha, ng'onda iliyoanikwa chini mchangani inaoza. Anayeamua kukausha kwa moshi anahitaji kuni, na kuni za karibu ni mikoko ile ile tunayoambiwa tuilinde. Kwa hiyo fungu la bei rahisi linaishia kuwa ghali: nusu imeliwa, nusu imetupwa, na kesho inatafutwa hela nyingine ya mboga.

Chukua maembe. Kuanzia mwishoni mwa Novemba yanaiva kwa pamoja, yanajaa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, na mengine yanaozea chini ya miembe. Miezi michache baadaye mtoto wa nyumba hiyo hiyo anakula ugali bila tunda lolote. Embe lililokatwa vipande vyembamba na kukaushwa vizuri linakaa kwa miezi, ila linataka chanja iliyoinuliwa, chandarua cha kuzuia nzi, na mtu wa kuonyesha namna.

Chukua nafaka na kunde. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na maji yalipopungua watu walirudi kulima mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, katika udongo wenye unyevu, kama wazee wetu walivyofanya miaka yote. Mavuno yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo yasiliwe na dumuzi ndani ya kiroba. Hapa nasisitiza jambo moja: kuzuia upotevu si kula chochote kilichopo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu. Mahindi, karanga au makopa yenye ukungu hayafai kuliwa, na kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Kinga yake ni kukausha mapema na kuhifadhi pakavu.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Wali wa nazi wa jioni, asubuhi umeshachacha, na pamoja nao umepotea mchele, nazi, mkaa na maji yaliyochotwa mbali. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaeleza kwamba kati ya tani bilioni 1.05 za chakula zilizotupwa duniani mwaka 2022, asilimia 60 zilitoka majumbani. Ripoti hiyo inaonyesha pia kwamba nchi za joto huelekea kutupa chakula zaidi, na kwamba tofauti kati ya kaya za nchi tajiri na za nchi zenye kipato cha kati cha chini si kubwa kama tulivyodhani.

Ndugu Mkurugenzi, Taifa lina Mkakati wa Kusimamia Mazao Baada ya Kuvuna wa mwaka 2019 hadi 2029. Muda wake unakwisha, na jikoni kwetu haujafika. Ninaomba mambo manne, yote yakitumia njia ambazo Halmashauri inazo tayari.

Kwanza, katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kukausha samaki na matunda, au kuuza mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, vipewe kipaumbele.

Pili, zijengwe chanja za pamoja zenye paa la kuvutwa katika vijiji vya delta, na Nyamisati pawekwe mtambo wa barafu ambapo mama mwenye ndoo ya samaki atauziwa barafu kwa kilo, sawa na mfanyabiashara wa kamba.

Tatu, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, iwe na jiko linalowaka. Maofisa lishe wapike pamoja na akina mama: kupima mchele kwa idadi ya walaji, kupika wali mweupe na kutia tui kwenye mchuzi siku ambayo chakula kitabaki, kupasha kiporo mpaka kichemke, kutambua kuvu. Fedha za lishe, shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, ziguse pia kazi hii.

Nne, ofisi za kata ziandike chakula kinachoharibika majumbani kila msimu, na taarifa isomwe katika Baraza la Madiwani. Kisichoandikwa hakitengewi fedha.

Bajeti ijayo ikiandaliwa, naomba nione ndani yake kifungu cha chakula cha nyumbani, chenye kiasi cha fedha na jina la ofisa atakayewajibika. Nasi wananchi tutatoa nguvu kazi na miti ya chanja. Chakula tulichokilima na kukivua wenyewe kiliwe na watoto wetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kibiti, Mkoa wa Pwani

Nakala: Waheshimiwa Madiwani wa kata zote za Wilaya ya Kibiti