Kijana wako ana usaili? Kaa umsikilize, kisha mwache alale

Ujumbe wa kuitwa kwenye usaili wa kazi haumfikii mtu mmoja. Mama anausoma akiwa dukani Mtaa wa Kongo, mjomba anatumiwa Gerezani, na kabla ya magharibi bibi kijijini ameshaanza kuomba dua. Kampuni ikiwa ya teknolojia, presha inaongezeka, maana wengi nyumbani hawajui huko kijana ataulizwa nini. Kila mtu anatoa alichonacho: nauli, shati la kupiga pasi, na swali lilelile mara kumi kwa siku, "Lakini umesoma?"

Kusoma ni lazima. Ila usaili wa watu wanaotengeneza programu za kompyuta una kipande ambacho kusoma peke yake hakukitoshelezi. Kijana anapewa tatizo, anasimama mbele ya ubao au anafungua kompyuta, kisha analitatua huku wasaili wanamtazama na kumtaka aseme anachofikiri hatua kwa hatua.

Kutazamwa huko kuna gharama. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na kampuni ya Microsoft, nchini Marekani, walichapisha utafiti waliowapa wanafunzi 48 wa kompyuta tatizo la kutatua ubaoni. Kundi moja lilifanya mbele ya msaili huku likieleza kwa sauti. Kundi jingine liliachwa lifanye faragha. Waliotazamwa walifanya vibaya kwa zaidi ya nusu wakilinganishwa na wenzao. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wote walioachwa peke yao walifaulu. Wanawake hao walikuwa wachache, kwa hiyo tusiwahukumu mabinti wote kwa utafiti mmoja. Lakini mzazi mwenye binti anayejiandaa ana sababu ya kutulia na kuliwaza hilo.

Kwa nini inatokea? Mwili ukihisi uko hatarini, unamwaga homoni za kujihami kama adrenalini. Moyo unakimbia, viganja vinalowa jasho, mdomo unakauka. Wakati huohuo, ile sehemu ya kumbukumbu tunayoitumia kushika mambo machache kwa pamoja inajaa hofu: "Wananionaje? Nimekosea?" Nafasi ya kulishika swali lenyewe inabaki ndogo. Kijana anatoka nje, anafika kituo cha daladala, na jibu linamjia lote. Si kwamba hakujua.

Dawa yake ni kuzoea kutazamwa kabla ya siku yenyewe, na hapo ndipo familia inapoingia. Mama hahitaji kujua kompyuta. Anahitaji kukaa kwenye kiti, kunyamaza, kumtazama mwanawe usoni na kuuliza maswali mawili tu: "Kwa nini umeanza na hapo?" na "Ikishindikana, utafanyaje?" Dakika 30 kila jioni kwa wiki moja au mbili zinatosha kuanza. Kaka na dada wakae pia. Asiyejua fani ni msikilizaji mzuri, kwa sababu anamlazimisha kijana aeleze kwa maneno mepesi.

Maswali ya kufanyia mazoezi yapo mtaani kwetu. M-Pesa imekuwepo Tanzania tangu 2008, na karibu kila muuza duka Kariakoo ana kisa cha muamala uliokwama. Muulize kijana: "Mteja amenitumia pesa, kwake imekatwa, kwangu haijaingia, na mtandao umekatika. Akituma tena, atakatwa mara mbili? Ungeutengeneza vipi mfumo ili isitokee?" Jibu zuri litagusa namba ya kumbukumbu ya muamala. Kila ombi likiwa na namba yake, mfumo unalitambua likirudiwa na hauhesabu mara ya pili. Lakini kabla ya kujibu, mfundishe aulize: ni mtandao mmoja au miwili tofauti? Simu ya mteja imepata ujumbe gani? Msaili anataka kuona namna mtu anavyolichambua tatizo, na kuuliza kabla ya kukimbilia jibu ni sehemu ya uchambuzi.

Kijana aliyekulia dukani ana mtaji ambao huenda hauoni. Kupiga hesabu ya jora la kitenge huku mteja amekukazia macho, kutaja bei, kuitetea, kuambiwa "ghali" na kubaki na tabasamu, hayo yote ni kufikiri mbele za watu. Mkumbushe hivyo.

Sasa tuje kwenye usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa usiku, na ni usingizini ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Kukesha usiku wa mwisho ni kuyavuruga uliyonayo ili uongeze kidogo. Tangu mpango wa biashara ya saa 24 uzinduliwe Kariakoo mwaka 2025, kulala mapema si jambo la kuomba tu, linahitaji mpango. Familia yenye chumba kimoja au viwili imwachie kijana kona iliyo mbali na dirisha la barabarani, ipunguze sauti ya televisheni, na wageni wasubiri kesho. Kama kuna ndugu mwenye nyumba tulivu, akalale huko.

Kahawa ya kijiweni ni tamu, lakini kafeini hukaa mwilini. Kwa wastani nusu yake huchukua kama saa 5 kuisha. Aliyekunywa saa 11 jioni, saa 4 usiku bado ana nusu yake mwilini. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini, na asubuhi ya usaili vinaweza kumzidishia mapigo ya moyo mtu ambaye tayari ana wasiwasi. Ampatie tumbo chakula alichozoea: uji, yai, chapati moja, maji. Siku hiyo si ya kujaribu supu mpya.

Siku moja kabla, aifanye safari yenyewe kwa muda uleule. Akipanda mwendokasi Gerezani, ajue foleni ya asubuhi ikoje. Akiwa mlangoni, avute pumzi kwa pua na kuitoa polepole zaidi ya alivyoivuta, mara tano au sita. Mapigo ya moyo hushuka.

Wazazi, kuna sentensi moja naomba mwiache kwenye ulimi: "Sisi sote tunakutegemea wewe." Kijana analijua hilo, anaishi humo ndani. Akilibeba hadi mbele ya ubao, linachukua nafasi ya swali. Mwambieni kwamba akipata mtafurahi, akikosa atarudi mezani na mtamuuliza aliulizwa nini ili mfanye mazoezi tena.

Na kama hofu inamnyima usingizi au chakula kwa wiki kadhaa, au inamfanya akimbie kila usaili anaoitwa, msimwite mvivu. Mpelekeni kituo cha afya akazungumze na mtaalamu. Wasiwasi wa namna hiyo unatibika.